Tunawahesabu Wakiingia: Takwimu na Ufundishaji katika Vyuo Vikuu Vyetu Tangu 1961

Kwa miaka mingi, karibu kila chombo kinachohesabu elimu ya Tanzania kilikuwa na ofisi katika wilaya moja. Baraza la Mitihani liko Kijitonyama. Tume ya Sayansi na Teknolojia iko huko huko, kwenye kituo ambacho makondakta wa daladala hukiita Sayansi. Bodi ya Mikopo ilikuwa Mwenge, Tume ya Vyuo Vikuu Mikocheni, na Chuo Kikuu Huria barabara ya Kawawa. Kule Changanyikeni, mgongoni mwa Mlimani, kipo Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, ambacho kabla Ubungo haijamegwa kuwa wilaya kilihesabiwa kuwa Kinondoni. Baadhi ya ofisi hizo sasa zimehamia Dodoma. Zilipokuwa zote hapa, mtafiti mwenye miguu imara angeweza kuzizungukia kwa siku mbili akajua wanafunzi wangapi waliomba, wangapi walidahiliwa, wangapi walipata mkopo na wangapi walihitimu kwa daraja gani.

Jambo moja asingelipata popote. Kati ya kuingia na kutoka, wanafunzi hao walifundishwaje, na walijua nini siku ya mwisho ambacho hawakukijua siku ya kwanza? Swali hilo halina ofisi, na halijawahi kuwa nayo. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini, kwa kuifuata historia ya miaka sitini na kitu, kwani mjadala wa sasa kuhusu matumizi ya data katika kuthibiti ubora wa ufundishaji unaendeshwa kana kwamba umeanza juzi pamoja na kompyuta.

Tuanze mtaa wa Lumumba. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 13. Shahada waliyoisomea ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mitaala ilijadiliwa na London, na mitihani ilihusisha watahini wa London. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe kwa jina tunalolijua. Mabadiliko hayo yote yalipita, lakini desturi moja ya London ilibaki na ipo hata leo: mtahini wa nje.

Kwa wasiokuwa vyuoni, niieleze kazi yake kidogo. Mtahini wa nje ni mwalimu wa chuo kingine anayealikwa baada ya mitihani. Anapewa maswali, mwongozo wa usahihishaji na sampuli ya majibu: ya walioongoza, ya wa katikati, ya waliofeli, na ya wale waliosimama kwenye mpaka wa daraja. Anasoma. Anauliza kwa nini swali la pili limejibiwa na watu wachache, au kwa nini majibu ishirini yanafanana hadi mahali koma ilipowekwa. Mwisho anaandika ripoti.

Huo ulikuwa uthibiti ubora wetu wa kwanza, na ningesema mpaka leo haujapata mshindani kwa jambo moja: mtahini wa nje anasoma kile ambacho mwanafunzi ameandika. Hahesabu madawati. Udhaifu wake uko kwingine. Anafika wakati kozi imekwisha na wanafunzi wameondoka, na ripoti yake hupanda kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa seneti, lakini ni nadra kushuka tena na kumfikia mwalimu aliyefundisha kozi ile, achilia mbali wanafunzi watakaoisoma mwaka unaofuata.

Serikali ya taifa jipya ilikuwa na hesabu zake. Nchi ilirithi madaktari na wahandisi wazalendo wa kuhesabika kwa vidole, na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ukaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu. Kutokana na lengo hilo zilitoka safu za namba: walimu wa hisabati wangapi, wahandisi wangapi, mabwana mifugo wangapi. Mwanafunzi aliyesomeshwa na serikali alitia saini kwamba atakapomaliza ataitumikia kwa miaka kadhaa. Sioni sababu ya kuwabeza waliopanga hivyo. Nchi isiyo na walimu haina anasa ya kuuliza kwanza kama walimu hao wamefundishwa vizuri. Inauliza watakuwa wangapi na watakuja lini. Lakini mazoea yaliyojengwa hapo yalidumu kuliko dhiki iliyoyazaa. Chuo kikawa machoni mwa dola kama bomba: unapima maji yanayoingia, unapima yanayotoka.

Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na zaidi ya 300 kati yao wakarudishwa makwao, ilidhihirika kwamba safu zile za namba hazikuwa zimeueleza uongozi chochote kuhusu yale yaliyokuwa vichwani mwa watu waliohesabiwa.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Miaka michache baadaye, juu ya kilima kile kile, wanafunzi wa mrengo wa mapinduzi waliendesha madarasa yao wenyewe ya Jumapili na kuchapa jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku Novemba 1970. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia. Issa Shivji alikuwa kijana. Wengi wanaokumbuka ubora wa ufundishaji wa Dar es Salaam wanakumbuka miaka hiyo. Sasa chukua dodoso lolote la tathmini ya kozi linalotumika leo, lile linaloanza kwa kuuliza kama mhadhiri alifika kwa wakati na kama alitoa muhtasari wa kozi, ulipeleke kwenye madarasa yale ya Jumapili. Lingepima nini? Sisemi hivyo ili kudai kwamba ubora haupimiki, maana hiyo ni hoja ya wavivu na nimeisikia ikitolewa na watu ambao hawajabadilisha noti zao kwa miaka kumi. Nasema kwamba tukipima, tuwe tumejua kwanza tunatafuta nini.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu ilifungwa. Mwombaji alitakiwa amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha alete mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Ukiitazama kwa jicho la leo, Musoma ilikuwa jaribio kubwa la kukusanya taarifa za aina mpya: tabia, moyo wa kazi, kukubalika na wenzake. Nia yake ilikuwa na uzito. Waliofika darasani walikuwa watu wazima waliojua kazi, na walimu waliowafundisha wamesifu mijadala yao. Lakini taarifa hizo zote zilikusanywa langoni. Waombaji walipungua, wanawake zaidi, hata ikabidi wanawake walegezewe masharti. Na yaliyoendelea ndani ya darasa baada ya lango kupitwa hayakuwa na fomu.

Miaka ya 1980 nitaipita haraka, si kwa sababu haikuwa na mambo bali kwa sababu mambo yake yanajulikana: fedha hakuna, vitabu hakuna, karatasi shida, walimu wanakimbilia Lesotho, Botswana na Swaziland. Chombo cha ubora katika hali hiyo kilikuwa uvumilivu.

Mwaka 1990 unastahili kusimamiwa. Tarehe 19 Aprili, jumuiya za wanataaluma za vyuo vya elimu ya juu nchini zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga chuo kikuu, kikabaki kimefungwa mpaka Januari 1991. Azimio lile hunukuliwa sana kwa nusu yake ya kwanza, ile ya uhuru. Nusu ya pili, ya wajibu, hunukuliwa kidogo. Na ndani ya wajibu ndimo ulimokuwa mlango wa jambo tunalolizungumza: walimu wenyewe, bila kusubiri wizara, kukusanya ushahidi wa kazi yao na kuujadili mbele ya wanafunzi na jamii. Mlango huo haukufunguliwa na walimu. Ulifunguliwa na utawala.

Chini ya Profesa Matthew Luhanga, aliyekuwa makamu mkuu wa chuo kuanzia 1991 hadi 2006, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katikati ya miaka ya 1990 mpango wake wa mageuzi, na kuelekea mwisho wa muongo kikafanya ukaguzi wa kitaaluma, jambo ambalo halikuwa limezoeleka nchini: kujitazama, kisha kuwaalika wengine wakitazame. Mapema miaka ya 2000 yalitoka pia maandishi ya kina, likiwemo lile la Daniel Mkude, Brian Cooksey na Lisbeth Levey la mwaka 2003 kuhusu elimu ya juu Tanzania. Ukisoma kazi za kipindi hicho unaona chuo kikizungumzia udhaifu wake kwa uwazi ambao leo ungemtia kiwewe afisa uhusiano.

Kisha ukaja mwaka 2005. Ndani ya mwaka huo mmoja Tume ya Vyuo Vikuu ilianza kazi ikirithi lile Baraza la Ithibati la mwaka 1995, Bodi ya Mikopo ikaanza kutoa mikopo, na kule Temeke kilichokuwa chuo cha ualimu Chang'ombe kikafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE. Sekondari zilikuwa zinapanuliwa kwa kasi kupitia MMES, shule za kata zilikuwa njiani, na walimu wenye shahada walihitajika kwa maelfu. Namba za 1964 zilirudi, safari hii kwa ukubwa usiowahi kuonekana.

Chang'ombe inanivutia kuliko Mlimani kwa mjadala huu, na sababu yake ni hii. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu hupelekwa shuleni kufundisha kwa vitendo. Wahadhiri huwafuata, kuanzia Mbagala mpaka mikoa ya mbali, wakikaa nyuma ya darasa na fomu mkononi. Fomu hiyo inauliza mambo ya maana: je, andalio la somo linafuatwa? Je, maswali yanawafikia waliokaa nyuma? Je, ubao unatumika kwa mpangilio? Je, mwalimu alitambua kwamba hawakuelewa, na alifanya nini? Kisha mhadhiri na mwanafunzi hukaa chini ya mwembe na kuzungumza. Hiyo ni data ya ufundishaji kwa maana kamili ya neno: inakusanywa na mtu anayeijua kazi, papo kwa papo, na inamrudia aliyetazamwa siku hiyo hiyo akiwa bado na nafasi ya kujirekebisha kesho.

Na baada ya hapo mhadhiri huyo hurudi chuoni, na kuanzia siku anayoajiriwa mpaka siku anayostaafu inawezekana kabisa asitazamwe akifundisha na mwenzake hata mara moja. Hilo si la Chang'ombe pekee, bali ni desturi ya vyuo vingi duniani. Lakini kwa walimu wa walimu linachoma zaidi.

Turudi Kinondoni, tuone namba zilivyotumika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa daraja sifuri takriban asilimia 60 ya watahiniwa. Waziri Mkuu aliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya. Ukafuata mfumo mpya wa alama, ukafuata wastani wa pointi badala ya madaraja, kisha madaraja yakarudishwa. Atakayetaka kuiona historia hiyo kwa ufupi asome sifa za kujiunga na chuo kikuu katika miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu ya miaka iliyofuata. Humo kuna sharti moja kwa waliomaliza kidato cha sita kabla ya 2014, jingine kwa wa 2014 na 2015, na jingine kwa wa 2016 na kuendelea. Kwa miaka miwili ya katikati, C ilikuwa na thamani ya pointi 2. Kabla na baada yake, C ni pointi 3. Mtoto wa 2015 hakuwa na akili tofauti na wa 2016. Kilichobadilika ni rula. Mtakwimu yeyote wa Changanyikeni atakwambia kwamba rula ikibadilishwa katikati ya kazi, huwezi tena kusema kama ukuta umepanda au umeshuka, na ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kulinganisha kwa uhakika ubora wa wanaoingia vyuoni mwongo ule.

Mwaka 2016 na 2017 ilikuwa zamu ya neno uhakiki. Watumishi wa umma 9,932 walitajwa Aprili 2017 kuwa na vyeti vya kughushi, baada ya kumbukumbu kulinganishwa na za Baraza la Mitihani. Kama kazi ya takwimu, ilionyesha nguvu ya kumbukumbu iliyotunzwa vizuri tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1973. Julai 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, kwa sababu zikiwemo upungufu wa walimu na miundombinu. Hapo angalau walihesabiwa na wanaofundisha.

Lakini tukio la kipindi hicho linalonisumbua zaidi ni la Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitakiwa kuondoka chuoni ghafla. Sababu iliyotolewa awali ilikuwa ya ufundishaji: wahadhiri walikuwa wamegoma kufundisha programu ile kwa madai ya malipo, na wanafunzi walikuwa wamekaa wiki kadhaa bila vipindi. Ndani ya siku chache mjadala wa nchi nzima ukageuka kuwa wa sifa za kuingia. Nani alikuwa na daraja la ngapi? Neno vilaza likatamkwa na kukaa vinywani. Uhakiki ukafanyika, wengi wakahamishiwa vyuo vya ualimu, wengine wakaonekana hawana sifa. Tazama mwendo wa jambo lenyewe. Tatizo lilianzia darasani, likapelekwa kutibiwa langoni, kwa kuwa langoni ndipo tulipokuwa na takwimu. Hatukuwa na hata karatasi moja ya kutuonyesha wale waliofundishwa kwa mihula iliyotangulia walikuwa wamejifunza nini, kwa hiyo hilo halikuulizwa.

Kwa shule za msingi mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Kuanzia mwisho wa muongo wa 2000, Uwezo, chini ya Twaweza, ilipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwa na hadithi fupi ya ngazi ya darasa la pili na hesabu chache. Swali lilikuwa moja: mtoto huyu anaweza kusoma? Jibu, kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza, liliubadilisha mjadala uliokuwa umejaa sifa za uandikishaji. Ilikera, na ilisaidia. Elimu ya juu haijawahi kupata mfano wa hadithi ile fupi. Wala mazingira hayakuwa rafiki kwa atakayejaribu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliweka adhabu kwa anayetoa takwimu zenye kupingana na za serikali, na ikabidi yalegezwe mwaka 2019. Mtu aliyekuwa akifikiria utafiti wa kulinganisha vyuo katika miezi ile alikuwa na sababu ya kuufikiria mara mbili.

Watetezi wa mifumo mipya watasema kwamba sasa tunazo tathmini za wanafunzi, zinajazwa kwa simu, na matokeo yanatoka kwa grafu. Ni kweli, na ni hatua. Mwanafunzi aliyekaa kwenye kozi kwa wiki kumi na tano anajua mambo ambayo mkuu wa idara hayajui. Anajua nani hafiki, nani anasoma desa lile lile alilowasomea kaka zake. Lakini tuwe waangalifu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 kutoka chuo kikuu cha umma cha North Carolina, Marekani, uliwafanya wakufunzi wa kozi ya mtandaoni wabadilishane majina, ili wanafunzi wasijue nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Jina la kike lilipata alama za chini, hata mtu aliyekuwa nyuma ya jina hilo alipokuwa mwanamume, na hata kwa jambo la kupimika kama kurudisha kazi kwa wakati. Anayefikiri kwamba Mbezi au Mbagala haina upendeleo wa namna hiyo atakuwa hajakaa kwenye kibaraza chochote cha wanafunzi.

Uingereza nayo ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 ilivitunuku vyuo vyake dhahabu, fedha na shaba kwa ubora wa ufundishaji, na London School of Economics ikaambulia shaba. Msingi wa hesabu ulikuwa kuridhika kwa wanafunzi, wangapi waliendelea na masomo na wangapi walipata kazi, pamoja na andiko la chuo chenyewe. Hakuna mkaguzi aliyeingia darasani. Ni bomba lile lile letu la 1964, limepakwa rangi tatu.

Afrika Mashariki tumechukua njia iliyo bora kidogo kwenye karatasi. Mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala, uliotolewa mwaka 2010 kwa msaada wa Wajerumani, ulisimamiwa kiuandishi na Mholanzi Ton Vroeijenstijn, ambaye alikuwa ameandika wa vyuo vya Asia ya Kusini Mashariki. Moyo wake ni programu kujitathmini yenyewe: tulikusudia mwanafunzi aweze nini, na tuna ushahidi gani kwamba anaweza? Ni swali sahihi. Shida ni kwamba ripoti za kujitathmini huandikwa kwa kasi karibu na ziara ya ithibati, na mtu anayepewa kazi hiyo mara nyingi ni mhadhiri msaidizi asiyeweza kukataa. Zikishapita, hulala. Sasa tuna mradi wa HEET, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, unaojenga madarasa na kupitia upya mitaala. Mkopo huo utalipwa na hawa hawa tunaowafundisha. Ingekuwa vema tuweze kuwaonyesha zaidi ya picha za majengo.

Niseme basi kitu cha kufanyika, kwa kuwa wanafunzi wangu hulalamika kwamba walimu wa historia hutuacha njiani.

Kozi nyingi za vyuo vyetu zina alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Pale ambapo darasa zima lina 35 kati ya 40, kisha linapata 22 kati ya 60, kuna jambo. Huenda semina zinagawa alama ili kuwaokoa watu wasipate sapu. Huenda mtihani umetungwa juu ya mada ambazo hazikufundishwa. Namba haitasema ni lipi, lakini itasema mahali pa kwenda kuuliza, na hiyo ndiyo kazi yote ninayoitaka kwake. Vivyo hivyo kwa kozi ambayo theluthi moja wanafeli kila mwaka, au ile ambayo hakuna aliyewahi kufeli. Nimehudhuria vikao vya mitihani, katika vyuo ambavyo sitavitaja, ambako kozi ya aina ya kwanza ilijadiliwa kwa saa nzima na ya aina ya pili ikapigiwa makofi.

Kuna pia jambo dogo zaidi. Kwenye jalada la kijitabu cha kujibia mtihani pana jedwali ambamo msahihishaji huandika alama za kila swali. Mtu akiyapitia majalada ya darasa la watu 400 ataona mara moja kwamba swali la tatu, lile lililohitaji mwanafunzi achambue ushahidi, lilikimbiwa na wengi, na waliolijaribu walianguka, huku swali la kueleza fasili likijazwa alama. Hiyo ni habari kamili juu ya nini kimefundishwa na nini kimekaririwa. Mwalimu wa mwaka unaofuata akiipata mwezi Agosti, atajua wiki ya nne na ya tano azitumie vipi. Mtahini wa nje akipewa jedwali hilo la miaka mitano, ripoti yake itakuwa na meno. Na likibandikwa bila majina ya wanafunzi, hakuna sheria ya taarifa binafsi itakayokuwa imevunjwa.

Kinachofanyika sasa ni kwamba alama za maswali hujumlishwa, jumla huingizwa kwenye mfumo wa matokeo, na mfumo hauna nafasi ya zaidi ya jumla hiyo. Vijitabu hufungwa kwa kamba, huandikwa msimbo wa kozi na mwaka, na kupelekwa stoo, vikisubiri muda wa rufaa upite ili viteketezwe.